Skrini Iliyotazama Benchi

Tangu niwakabidhi ninyi vijana wangu funguo za karakana yetu ya Nyasho, simu yangu haijapumzika. Leo anapiga huyu: "Mama Manyama, inawaka lakini skrini nyeusi." Kesho anapiga yule: "Mama, nimeunganisha skrini mbili, moja inaonyesha, nyingine imenuna." Nami niko shambani kwangu Buhare, jembe mkononi, nauliza lile lile ninalouliza miaka yote: waya umeukandamiza mpaka mwisho? Halafu nasikia, "Aah, basi Mama, imekubali." Nimeona niandike mara moja haya mnayoniuliza kila siku, ili mniache nipalilie mihogo yangu kwa amani. Vyeo na mshahara sitavigusa. Habari za vyeo vyangu ni fupi mno, na za mshahara zinatia uchungu.

Sikuanza na kompyuta. Nilianza na mashine ya taipu, nikiwa karani mchapaji katika ofisi moja ya serikali hapa Musoma, miaka ile ya ugumu ambapo sabuni ilikuwa ya foleni na sukari ilikuwa ya kuhadithiwa. Siku ya kwanza nilikabidhiwa mashine nzito ambayo herufi yake ya "m" haikuinuka. Nilipomwambia msimamizi wangu, alinitazama kama mtu aliyeomba gari la kwenda nalo chooni. Vipuri hakuna, akasema, andika hivyo hivyo, hiyo herufi utajazia kwa kalamu. Sasa ninyi jaribuni kuchapa barua inayotoka Musoma, Mkoa wa Mara, kwenda Mwanza, kwa mashine isiyo na "m". Jioni mkono uliniuma kwa kujaza herufi kuliko vidole vilivyoniuma kwa kuchapa.

Jumamosi yake niliibeba ile mashine kichwani mpaka kwa fundi Rajabu, aliyekuwa na kibanda Nyasho. Alitengeneza redio, saa, cherehani na chochote kingine kilichokuwa na skrubu. Nilidhani ataifungua papo hapo. Hakuigusa. Alinipa kigoda, akaniambia, "Binti, kaa. Hebu nielezee tangu asubuhi ya kwanza." Nikaeleza mashine ilikaa wapi, nani aliitumia kabla yangu, ilianguka lini. Alisikiliza kama padri. Mwisho akaifungua, akakata kipande cha spoku ya baiskeli, akakikunja kwa koleo, na "m" ikainuka. Nilifurahi mpaka nikapiga makofi peke yangu.

Kuanzia hapo kila Jumamosi nilikuwa kibandani kwake. Alinifundisha kurudishia utepe wa taipu wino kwa kuchanganya wino wa mihuri na matone ya mafuta ya cherehani, maana utepe mpya tulikuwa tunausikia tu. Alinifundisha kupanga skrubu kwenye sahani kwa mpangilio wa kuzitoa, na kunawa mikono kabla ya kazi, si baada tu. Alikuwa na hasira moja tu duniani, nayo ni kwa fundi anayeondoka akisema "nadhani imepona". Kwake kulikuwa na imepona na haijapona, na hapo katikati hapakuwa na kiti.

Kisha zikaja zile zama za ruksa. Maduka yakajaa, redio za kila rangi zikaingia, watu binafsi wakaanza kununua pamba na samaki, na ofisi za serikali zikaanza kupunguza wafanyakazi. Orodha ya waliopunguzwa katika ofisi yetu niliichapa mwenyewe. Jina langu lilikuwa la tisa, nami nililichapa bila kosa hata moja. Nililia njiani, nikalia nyumbani, halafu Jumatatu nikaenda kwa fundi Rajabu nikamwambia sasa nitakuja kila siku. Akasogeza kigoda.

Kompyuta zilianza kufika kwa wafanyabiashara, mashirika ya dini na shule chache. Fundi Rajabu alipoiona ya kwanza aliizunguka mara mbili, akasema hiyo ni taipu iliyomeza televisheni, na kwamba macho yake yamechelewa kuianza. Akanituma mimi. Nilikwenda Mwanza kwa wiki chache za mafunzo, na yaliyobaki nilijifunza kwa kufungua vitu ambavyo wenyewe walikuwa wamekwisha kukata tamaa navyo. Hapo ndipo hofu ya mashine inapomtoka mtu.

Kesi yangu ya kwanza ya kompyuta isiyowaka ilikuwa Butiama, katika ofisi ya shule moja. Mwalimu mkuu aliniambia inawaka vizuri, inakaa kama dakika kumi, halafu inazima na kukataa kabisa kuwaka mpaka ipumzike. Nikakaa, nikaomba anielezee tangu asubuhi ya kwanza. Kumbe mke wake aliifumia kitambaa. Mnavijua vitambaa vyetu, kila kitu cha thamani nyumbani lazima kivae: redio, kochi, jagi la maji. Hiki kilikuwa na maua mekundu na pindo la nyuzi, na kiliitosha kompyuta kama soksi, mbele wazi na nyuma kimefunga kabisa. Feni ilikuwa inavuta uzi badala ya hewa. Nilipomwambia akivue, mwalimu alishusha sauti.

"Mama, hicho kitambaa siwezi kukivua. Mwenyewe anapitaga hapa kila siku kuangalia kama kipo."

Basi nikaazima mkasi na sindano, nikakata tundu nyuma, usawa wa feni, nikalipindia vizuri kwa uzi mwekundu. Kompyuta ikakaa siku nzima bila kuzima, na mama mwenye kitambaa akasema pindo langu la tundu lilikuwa zuri kuliko alivyotegemea. Mashine ikiwaka halafu ikazima baada ya muda, tafuteni joto kwanza. Tazameni feni, tazameni vumbi, tazameni kama kuna mtu anayeipenda mashine kupita kiasi.

Bunda nilikutana na karani wa kiwanda cha kuchambua pamba ambaye kompyuta yake iliwaka kwa kofi. Kila asubuhi alibonyeza swichi, mashine ikalia mara tatu na kuishia hapo, naye akaizaba upande wa kushoto, ikaendelea. Alipokwenda likizo aliandika katika maelezo ya makabidhiano kwamba kompyuta ipigwe kofi moja, la wastani. Nikaifungua. Vipande vya kumbukumbu vilikuwa vimelegea kwenye nafasi zake, na nyuzi za pamba zimeingia katikati. Nikavitoa, nikasugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha mwanafunzi, nikavirudisha mpaka nikasikia vimejifunga. Ikawaka kwa adabu. Yule karani hakufurahi hata kidogo. "Sasa mimi kazi yangu ni nini asubuhi?" aliniuliza, na nadhani hakuwa akitania.

Hizo zilikuwa kesi za kujisifia. Sasa niwape ya kuniaibisha, ambayo ndiyo iliyonifanya fundi.

Fundi Rajabu alikuwa na binti, Tatu, aliyefungua duka la kuchapa barua na kutoa fotokopi karibu na soko la Musoma. Shida kubwa ya Tatu haikuwa mashine, ilikuwa wateja. Mnawajua watu wetu, mtu akilipia barua anataka kuiona ikizaliwa. Wanasimama nyuma ya mchapaji, wanamhemea shingoni, wananyoosha kidole mpaka kioo cha skrini kinajaa alama za mafuta ya samaki. Tatu akabuni jambo lake: aweke skrini ya pili juu ya kaunta, itazame benchi la wateja, ili mtu akae chini kwa heshima aone barua yake kutoka kule. Akapata skrini iliyotumika, akaniita.

Kazi ilikuwa nyepesi. Niliweka kiunganishi cha njia mbili nyuma ya kompyuta, waya mmoja ukaenda kwenye skrini yake, mwingine kwenye ile ya benchi, zote zionyeshe picha moja. Ila duka lilikuwa limepakana ukuta na mashine ya kusaga nafaka. Mashine ile ikianza kazi, umeme wa mtaa mzima unanywea. Tatu alinieleza kwamba asubuhi kompyuta inagoma kuwaka, au inawaka na kujizima na kuwaka tena. Nikaleta stebilaiza, kile kisanduku cha kuuweka umeme sawa. Kilikuwa na matundu mawili tu. Tundu moja nikachomeka kompyuta, la pili skrini ya Tatu, na zote zikatulia. Skrini ya benchi nikaichomeka ukutani moja kwa moja.

Haikuwaka. Nilibonyeza swichi, nikabadilisha waya, nikaigonga kidogo, Mungu anisamehe, kama yule karani wa Bunda. Nyeusi. Nje kulikuwa na gari la kiwanda lililonisubiri kunipeleka Bunda, na dereva alikuwa ameanza kupiga honi. Ilitakiwa nihamishie ile skrini kwenye stebilaiza hata kwa dakika moja tu nione. Sikufanya hivyo. Nilimwambia Tatu, "Hii imekufa. Nitakuletea nyingine. Iache hapo hapo." Nikaondoka na kuiacha ikiwa imechomekwa, swichi imebonyezwa, inatazama benchi.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Saa sita na nusu, mwenye mashine ya kusaga aliizima akaenda msikitini. Umeme ukapanda. Skrini niliyoitangaza marehemu ikawaka yenyewe, taratibu, bila kelele, upande wa benchi. Tatu alikuwa nyuma yake, na kwake ilikuwa mgongo wa plastiki tu.

Wakati huo huo aliingia Mzee Wambura, mkulima wa Butiama, mtu wa heshima zake, macho yamekuwa hafifu na miwani hana. Alikuwa na jambo la siri. Binti yake Sabina, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa amepata mchumba kutoka vijiji vya wavuvi, na siku ya wazee wa upande wa kijana kuja kuposa ilikuwa imekaribia. Mzee alitaka kuwaandalia ndugu zake maelekezo, kila mmoja apate nakala yake, asije mtu akaharibu. Tatu akamkaribisha ndani ya kaunta, akampa kiti karibu naye, na mzee akamnong'oneza sikioni neno kwa neno.

Maneno yenyewe nilikuja kuyaona baadaye. Juu yalitaja majina ya Sabina na mchumba wake, kisha yakasema: siku hiyo tutawakataa, kama ilivyo desturi. Tutawaambia binti bado ana kazi nyingi shuleni. Wakae, waombe, sisi tukaze uso. Wakiinuka kuondoka, Masatu awaite wakiwa mlangoni. Wasiachwe wafike barabarani, maana kijana huyu tunamtaka sana.

Kwenye benchi alikuwa amekaa mtu mmoja tu, Mzee Mafuru, mvuvi mstaafu mwenye utani mwingi, akisubiri fotokopi za leseni ya mtumbwi. Ndiye baba mdogo wa yule mchumba. Yeye na Mzee Wambura walikuwa hawajawahi kuonana, kwa kuwa mpaka hapo mambo yalikuwa yakipitia kwa mshenga. Hakuwa na la kufanya, mbele yake kuna skrini inayoandika yenyewe, akasoma. Alipofika kwenye jina la mwanawe alisogea mbele kwenye benchi. Alisoma mpaka nukta ya mwisho, akachukua fotokopi zake, akaaga kwa adabu.

Siku ya posa ilipofika Butiama, watu wa Mzee Wambura walikataa kama walivyopangwa. Ilitakiwa wageni waombe, wasihi, wajinyenyekeze. Mzee Mafuru hakuomba hata neno. Aliinuka kwa raha zake, akavaa kofia, akatembea na wenzake mpaka mlangoni, na hapo akasimama. Akainama akafunga kamba ya kiatu. Akafunga na ya kiatu cha pili. Masatu, mdogo wake Mzee Wambura, aliona mgeni hana dalili ya kwenda popote, akachanganyikiwa, akasahau kuita. Ndipo Mzee Mafuru alipogeuka akasema, "Wakwe, sisi tumefika mlangoni. Mbona hatuitwi?"

Mimi nikikumbuka hapo huwa nacheka mpaka leo. Mzee Wambura hakucheka. Alijua karatasi yake imevuja, na mbali na Tatu, asiyewajua wakwe hao, mtu pekee nje ya ndugu zake aliyeishika alikuwa Sabina, kwa sababu ndiye aliyewasomea. Aliwaaga wageni akiwa amekunja uso wa kweli sasa, si wa desturi. Kisha akamwambia binti yake mbele ya baba zake wadogo, "Umeniuza kwa sababu ya mwanaume." Akasema hakuna posa, hakuna harusi, na yeye na Sabina hawana mazungumzo. Sabina aliapa, akalia, akaapa tena. Jioni ile, na jioni zote zilizofuata, baba alimwita mtoto wa jirani amsomee gazeti, kazi iliyokuwa ya Sabina.

Mimi haya yote sikuyajua. Nilichelewa Bunda, na Ijumaa ya wiki ya tatu ndiyo niliyorudi kwa Tatu na skrini nyingine mkononi. Nilikuta msichana wa watu amekaa ndani ya kaunta, macho yamevimba, anamnong'oneza Tatu maneno. Mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma. Nikapiga magoti upande wa benchi, bisibisi mkononi, nianze kuifungua maiti yangu. Mara mngurumo ukakatika, watu wamekwenda kuswali. Na mbele ya pua yangu, ile skrini ikaanza kung'aa.

Ilikuwa inaandika: "Nakuomba usinisubiri tena. Baba ameniona mwongo, nami siwezi kuolewa huku baba yangu haongei na mimi."

Sikuwa na haki ya kusoma barua ile, na nilikuwa nimeisoma yote. Kwenye benchi alikuwepo mama mmoja muuza dagaa akisubiri zamu yake. Nikamuuliza kwa sauti ndogo kama hiyo skrini aliwahi kuiona ikiwaka.

"Hiyo?" akasema. "Ijumaa huwa inawakaga saa hizi. Mi nakujaga mapema nisome. Kuna barua zingine tamu."

Nikasimama nikamwambia Tatu aache kuandika. Nikamwomba yule msichana anisamehe, kisha nikafanya kile ambacho ningefanya wiki tatu kabla kama nisingekuwa na haraka: nikakaa chini nikamwambia, "Mwanangu, hebu nielezee tangu mwanzo." Akaeleza. Karatasi ya baba ilichapwa wapi? Hapa. Siku gani? Ijumaa, mchana. Tatu akashika mdomo. Akakumbuka mzee wa kofia mwenye leseni ya mtumbwi, jinsi alivyokuwa akicheka peke yake kwenye benchi.

"Usiipeleke hiyo barua," nikamwambia Sabina. "Nipe siku chache. Kosa ni la kwangu."

Kwa hiyo andikeni hili mahali mtakapoliona. Skrini ya pili ikikataa, badilisheni kitu kimoja kimoja: waya, tundu la umeme, halafu skrini yenyewe. Ile isiyowaka ipelekeni mahali pa ile inayowaka kabla ya kuitangaza mbovu. Na kifaa mkikiita kibovu, kichomoeni. Hata mkikosea kwenye ugonjwa, angalau hakitaamka nyuma ya migongo yenu na kuanza kusomea watu barua.

Kesho yake nilikuwa Butiama. Mzee Wambura alinipokea vizuri, nikaletewa kiti na uji, nami nikamwambia yote bila kujiondoa lawamani. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Fundi," akasema, "wewe mwenyewe ulisemaga imekufa?"

"Nilisema, Mzee."

"Sasa iliyokufa inasomeshaje mtu barua? Mimi ninakujua wewe ni mtu mzuri. Sabina amekulilia, na wewe umemhurumia. Kunywa uji."

Nilijaribu kueleza habari za umeme kunywea na mashine ya kusaga. Kila nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kufanana na mwongo. Mwisho nikamwomba kitu kimoja: aje Musoma Ijumaa, saa sita, aone mwenyewe. Akasema atakuja kwa sababu ana haja ya kununua msumari, na mimi nikasema msumari ni jambo jema.

Wiki ile sikulala vizuri. Nilikuwa sijagusa chochote dukani, nimeacha kila waya pale ulipokuwa, kwa sababu nikiitengeneza skrini nitakuwa nimefuta ushahidi wa Sabina. Nilimpelekea ujumbe naye aje akitoka darasani. Nilijiuliza itakuwaje kama safari hii itakuwa imekufa kweli.

Ijumaa Mzee Wambura alikuja na misumari yake kwenye mfuko wa karatasi. Nikamweka ndani ya kaunta, kiti kile kile, na mimi nikakaa benchini. Mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma na skrini nyeusi kabisa. Akachungulia, akaniambia, "Imekufa kweli." Nikamwambia asubiri. Tukasubiri. Mngurumo ukakatika. Ikapita dakika nzima ambayo mimi nimeihesabu kama mwaka, halafu kioo kikaanza kuwa kijivu, kisha cheupe.

"Mzee," nikasema, "mnong'oneze Tatu kitu ambacho mimi siwezi kukijua."

Akainama, akanong'ona. Tatu akachapa. Nikasoma kwa sauti kutoka benchini: "Fahali wetu nilipokuwa mdogo aliitwa Kirunguri, na ndiye aliyenivunja jino, si kuanguka mtini kama nilivyowaambia wote."

Mzee akajipapasa shavu, upande lilipokuwa jino. Akamnong'oneza Tatu tena, maneno matatu tu, nami nikasoma: "Tazama jinsi nilivyokosa."

Wakati huo Sabina aliingia, chaki bado mikononi. Baba yake alimwona. Alimwona vizuri kabisa, macho hafifu au si hafifu. Kwetu baba hamwambii mwanawe nisamehe, hasa binti, hasa mbele za watu, na hata angetaka, mdomo haujui pa kuanzia. Mzee Wambura alikizungusha kiti chake, akampa binti yake mgongo, akamwinamia Tatu. Nami nikainuka benchini nikampisha Sabina akae mbele ya skrini. Sikusoma kwa sauti tena. Nilisimama nyuma yake.

Barua ilikuja polepole, kwa kuwa mzee alikuwa akisimama kila baada ya maneno machache.

"Kwa Mwalimu Sabina. Nilikuita mwenye kuniuza. Hukuniuza. Ilikuwa mashine, na fundi wake amekiri. Mimi ni mkubwa na nilikosea mbele ya baba zako wadogo, na mbele yao hao nitasema. Huyo mtoto wa jirani anasoma gazeti vibaya, anaruka mistari. Rudi unisomee wewe mpaka siku utakapoolewa. Hao watu wa ziwani waambiwe waje Jumamosi. Tutawakataa tena kwa sababu ndiyo desturi, ila safari hii mlango tutaufunga kwa ufunguo wasifike hata hapo. Nisamehe, mama yangu."

Sabina alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, ameziba mdomo kwa mikono yenye chaki. Mimi nililia tu, sina haja ya kuficha. Nyuma ya ukuta mashine ya kusaga ikaanza kunguruma, na skrini ikazima.

Tatu hakuwa ameona lolote la upande wetu. Alisogeza karatasi kwenye printa, akauliza, "Mzee, nitoe nakala ngapi?"

"Usitoe," alisema Mzee Wambura, bila kugeuka. "Ameshasoma."